Aliyekaa Ndani ya Mtutu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mama Jiriwa alikuwa amechomoa ufito wa chuma kutoka kwenye mtutu wa bunduki ili afute tope jeusi la kusugulia, na badala ya kunusa mafuta na vumbi la chuma kama alivyozoea, akanusa maziwa. Si maziwa ya dukani. Yalikuwa maziwa ya mama anayenyonyesha, yale yanayolowesha kifua cha gauni na kukauka humo mchana wa joto. Alikisogeza kitambaa puani mara ya pili, akacheka peke yake. Mwanawe wa pekee alikuwa mwanamume mwenye ndevu tele, na yeye bado ananusa maziwa! Akajiambia uzee umeanza kumchezea shere.

Jina hilo la Mama Jiriwa alipewa na majirani kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa fundi wa bunduki, mwenye kibali cha serikali kilichotundikwa ukutani, na jiriwa lake kubwa la kubania vyuma lilionekana tangu barabarani. Pili, akishika jambo haliachii. Karakana aliachiwa na baba yake, naye baba alikuwa bado hai, anaketi palepale kando ya mlango kwenye kiti chenye mto, akitazama mikono ya binti yake. Kutazama tu. Kiharusi kilimpitia, kikamwachia macho na mkono wa kushoto, kikaondoka na ulimi na miguu. Mzee ambaye zamani alisimulia mpaka wateja wakasahau kilichowaleta, sasa hata neno "maji" lilimshinda. Mama Jiriwa alijifunza kuzungumza kwa niaba ya wote wawili: anauliza mwenyewe, anajibu mwenyewe, kisha anamgombeza mzee kwa majibu ambayo hakuyatoa.

"Baba, unainusa hii? Huinusi. Haya bwana, basi ni mimi."

Safari hii mzee hakumtazama usoni. Alikuwa ameukazia macho mtutu, na mkono wake wa kushoto ulitikisika juu ya goti, huku na huku, kama wa mtu anayekataza.

Bunduki ilikuwa ya kazini kwa mwanawe Mama Jiriwa, yule mwenye ndevu. Kijana alikuwa ameajiriwa kuwa askari wa hifadhi ya wanyama, na mgeni ofisini hupewa kilichokataliwa na wenyeji. Yeye alipewa bunduki kuukuu ambayo askari wenzake waliiita Mkarimu, kwa sababu haikuwahi kumnyang'anya kiumbe uhai wake. Ukiielekeza kwenye kichuguu, risasi inakwenda kutembelea mawingu. Askari mmoja mwenye vituko aliapa kwamba aliwahi kulenga pipa, akaangusha jani la mti uliokuwa nyuma yake.

Wenzake walicheka. Mama Jiriwa naye alicheka, mpaka siku ile nyati alipowatokea askari wawili kwenye majani marefu, mwanawe akiwa mmoja wao. Kijana alifyatua akiwa karibu kiasi cha kuziona kope za yule mnyama, na hakumgusa. Mwenzake alikimbizwa hospitali na mbavu zilizovunjika. Kijana alikuja nyumbani na damu ya mwenzake kwenye buti, akailaza bunduki juu ya meza ya kazi.

"Mama, inyooshe hii," alisema. "Mkuu ameruhusu. La sivyo siku nyingine utaletewa mimi."

Kwa mzazi, maneno hayo hayahitaji kurudiwa.

Alipomulika taa ndani ya mtutu aliona kilichokuwa kikizipoteza risasi. Mtutu wa bunduki ya namna ile huwa na michirizi inayojizungusha tangu nyuma hadi mdomoni, kama msokoto wa kamba, nayo ndiyo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Michirizi ilikuwepo. Lakini juu yake, ikiikatiza, palikuwa na mikwaruzo mingine mifupi, ya kina, iliyokaa minne minne. Kutu haili hivyo. Wala hakuna kifaa kinachoweza kukwaruza hivyo ndani ya tundu jembamba kuliko kidole. Ilikuwa alama ya mtu anayeburutwa atoke, naye anang'ang'ania kwa kucha.

"Kazi ya fundi mlevi," alimwambia baba yake, akazima taa upesi kuliko ilivyohitajika.

Kulainisha mtutu ni kazi ya subira. Fundi huvika ncha ya ufito madini laini ya risasi yaliyochukua umbo la tundu lenyewe, akayapaka unga wa kusagia na mafuta, kisha husukuma na kuvuta, husukuma na kuvuta, bila haraka wala hasira, akisikiliza kwa viganja panapokwama. Baba yake alipokuwa na ulimi alizoea kumwambia: mtutu husuguliwa kama unavyomkanda mgongo mtoto mwenye homa, ukitumia nguvu umeharibu. Ndivyo alivyofanya. Na kila ufito ulipopita juu ya ile mikwaruzo, harufu ya maziwa iliongezeka, ikachachuka, ikajaa karakana hata mteja mmoja aliyekuja kuchukua bunduki yake ya shambani akauliza kwa mzaha iwapo siku hizi humo ndani wanafuga mbuzi.

Kesho yake mtutu ulianza kuimba.

Mwanzoni alidhani ni upepo. Akaenda kufunga mlango. Wimbo ukaendelea, mdogo, wa puani, bila maneno, ukipanda kidogo na kushuka kidogo. Na ingawa hakuwahi kuusikia, Mama Jiriwa alijua mara moja ulikuwa wa kazi gani, kwa maana wimbo wa kumbembeleza mtoto haufichiki. Aliweka kidole gumba kwenye mdomo wa mtutu ili auzibe. Wimbo ukakatika. Kisha, kwenye ngozi ya kidole chake, akahisi pumzi, ya moto na yenye unyevu, ikitoka na kurudi, kama ya mtu aliyeketi karibu mno gizani akingoja aguswe tena.

Alikitoa kidole, akakifuta kwenye aproni mara nyingi. Angeweza kuacha hapo. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa lolote: kwamba aliogopa, akajua kuwa anaogopa, na bado akaushika ufito. Lakini kila alipotaka kuuweka chini aliziona zile buti zenye damu.

Mkwaruzo wa mwisho ulikuwa karibu na mdomo wa mtutu, nao ulikuwa wa kina kuliko yote. Aliufikia jua la alasiri likiwa limeingia dirishani. Ufito ulikwama. Aliuvuta, ukagoma; akausukuma, ukagoma; akaegemeza bega, akasahau mgongo wa mtoto mwenye homa, akasahau kila alichofundishwa, akasukuma kwa uzito wake wote, na huko ndani kitu kikaachia ghafla, kama jino linavyoachia ufizi, na tope lililotoka mbele ya ufito halikuwa jeusi tena bali jekundu na jepesi, likatiririka kwenye jiriwa na kudondoka sakafuni, huku tupa na koleo zilizotundikwa ukutani zikigongana zote kwa pamoja pasipo mtu wa kuzigusa, na zilipotulia, nyuma ya mgongo wake, sauti ambayo alikuwa ameililia miaka yote hiyo ikasema:

"Umenitoa."

Aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama.

Nani angeogopa? Mama Jiriwa alipiga kelele za furaha, akamrukia mzee shingoni, akalia kama msichana. "Baba! Umesema! Umesimama, baba!" Mzee aliacha akumbatiwe, mikono ikining'inia. Shingo yake ilinukia maziwa.

Jioni kijana alipofika kuchukua bunduki, alimkuta babu yake akitembea uani, mguu mmoja baada ya mwingine, akigusa kuta kama mgeni anayetafuta mlango.

"Babu amepona! Mama, umempa nini?"

"Sijampa kitu. Mungu tu."

Mzee alimkaribia mjukuu wake, akaishika bunduki kwa mikono yote miwili. Sauti ilikuwa ileile ya zamani, yenye mikwaruzo ya tumbaku. "Usiende nayo," alisema. "Sasa hakuna atakayeizuia."

"Kuzuia nini, babu?"

"Alikuwa anacheza tu. Hakuwa amemkosea mtu."

Kijana alimtazama mama yake. Mama akamkonyeza: mzee ndiyo kwanza amerudiwa na ulimi, mwache aropoke. Wakaenda uwanja wa kulengea shabaha, nje ya mji, na kijana akaweka makopo juu ya gogo. Risasi ya kwanza ilipeperusha kopo la kwanza. Ya pili la pili. Akambeba mama yake juu juu na kumzungusha. "Mama Jiriwa, wewe ni moto wa kuotea mbali!" Alfajiri akarudi kazini na Mkarimu begani.

Siku zilizofuata zingekuwa za raha, na kwa kiasi fulani zilikuwa. Mama Jiriwa alipata mtu wa kuzungumza naye. Aliacha kazi mapema, akaketi na baba yake uani, akamwomba amsimulie habari za marehemu mama, za siku alipozaliwa, za mteja yule aliyeleta bunduki yenye kiota cha nyigu ndani. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mwenyeji wako. Hakumkumbuka marehemu mkewe. Hakukumbuka nyigu. Alichokizungumzia ni mawe yanayohifadhi joto la jua hata usiku, na mahali penye maji chini ya miamba ambapo swala hunywa bila kupiga kelele.

"Ulipafahamu lini huko, baba?"

"Nilizaliwa huko."

Mzee alikuwa amezaliwa nyumba ya pili kutoka hapo, juu ya duka la kushona viatu.

Mama Jiriwa alijua. Moyo hujua mambo kabla ya mwenyewe kukubali. Lakini mwenye kiu hachunguzi kisima, naye alikuwa na kiu ya sauti ile. Akajifanya hajui. Alfajiri moja akampelekea mzee maji ya kunawa. Alimkuta ameketi kitandani, anajibembeleza mbele na nyuma, anaimba kwa puani ule wimbo. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa kifuani, mabaka mawili ya mviringo, na wakati Mama Jiriwa anatazama, yale mabaka yalikuwa yanatanuka polepole mpaka tone moja jeupe likajikusanya kwenye kifungo cha shati la mzee wa watu, likaning'inia, likamdondokea kwenye goti.

Beseni la maji lilimponyoka.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Umechelewa kuniuliza," sauti ya baba yake ilijibu, taratibu, bila hasira. "Ungeniuliza nilipokuwa ndani ya chuma. Nilikuimbia ili uulize."

"Niambie sasa. Nakuomba."

Basi aliyekuwa ndani ya mzee akamwambia. Lilikuwa jini la porini, jike, na lilikuwa na mtoto. Majini wadogo hupenda kucheza katika maumbo ya wanyama, na mwanawe alipenda umbo la swala, kwa sababu ya miguu. Siku moja mwanamume mwenye bunduki ile, miaka mingi kabla ya kijana kuzaliwa, alimpiga akiwa anarukaruka juu ya mawe. Hakumpiga kwa njaa. Alitaka tu kujua iwapo atampata, na alipompata alicheka, akaenda zake, hata mzoga hakuuchukua. Mama yule hakumfuata mtu. Aliifuata ile bunduki. Aliingia kwenye mtutu uliokuwa bado wa moto, akajibana humo, na tangu siku ile kila risasi iliyopita aliishika kwa kucha na kuipotosha, ikamkata, akaishika nyingine, ikamkata.

"Sikuua mtu," sauti ilisema. "Sikumtia mtu wazimu. Niliketi pembamba, nikahakikisha kwamba mama mwingine hatoboki pale nilipotoboka. Halafu wewe ukaja na ufito wako. Ulikuwa na mikono mizuri, binti. Karibu mpaka mwisho ulinitoa bila kuniumiza."

Mama Jiriwa alikuwa amepiga magoti kwenye maji yaliyomwagika. "Nilimfanyia mwanangu," alisema.

"Najua. Ndiyo maana sikukudhuru."

Hapo ndipo lile neno lingine lilipomwingia: kila risasi, na sasa hakuna wa kuipotosha. Alinyanyuka, akakimbilia simu. Ililia, haikupokelewa. Akapiga tena. Akapiga kituo cha hifadhi, akaambiwa kijana yuko doria, kule hakuna mtandao, kuna ujumbe? "Mwambieni asiitumie ile bunduki. Mwambieni mama yake amesema." Askari wa zamu akacheka kwa upole, akasema atamwambia, mama, usijali. Jua lilipanda. Alimkorogea mzee uji kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake, akaketi mbele yake na kijiko, akimlisha, akitega sikio kwa simu iliyokuwa mezani, na mzee akala kijiko baada ya kijiko kwa utulivu, mpaka ghafla akafunga mdomo, akageuza uso kuelekea upande ambako milima ya hifadhi ilikuwa, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, na uji ukamtiririka kidevuni.

"Imefika," alisema.

Jioni gari la hifadhi lilisimama nje. Kijana alishushwa na wenzake wawili, hana jeraha hata moja, naye hakuweza kutembea. Walimweka kwenye kochi. Mkubwa wao alimvuta Mama Jiriwa pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini: kulikuwa na mrina asali aliyeingia eneo lisiloruhusiwa, walimwita asimame, akakimbia. Kijana akafyatua risasi ya kumtisha.

"Ya kumtisha tu, mama. Sote hufanya hivyo."

Walipoondoka, kijana alisema mwenyewe, macho yakiwa darini. "Nililenga mti mbele yake, ili asimame. Risasi ilikwenda palepale nilipolenga. Na yeye alikwenda palepale. Ana umri wangu, mama. Alikuwa na kopo la asali, hakuliachia. Mama yake alikuja kuuchukua mwili. Alimfuta asali vidoleni. Mama, alimfuta kidole kimoja kimoja."

Mama Jiriwa alimshika kichwa, akakikandamiza kifuani. Chumba cha pili, mzee alikuwa akilia kwa sauti ya mwanamke.

Haikupita juma kabla mwili wa mzee kuanza kukataa. Uliyumba, ukakonda, ukachemka kwa homa; moyo wa mtu wa umri ule haukuumbwa kubeba wapangaji wawili. Wala pale kitandani hapakuwa tena na maneno ya mawe na maji, ila kilio na yale maziwa, ambayo binti yake aliyafuta na kuyafuta. Mwishowe alikwenda kumwita Mkunga. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kiume, aliyewazalisha nusu ya watu wa mtaa ule na kuwatoa majini nusu iliyobaki, na mwenyewe alisema hakuona tofauti kubwa baina ya kazi hizo mbili.

"Kote ni kumsihi mtu atoke mahali alipopazoea," alisema akikunja mikono ya blauzi. "Na kote kuna makelele. Leta maji ya vuguvugu na kitambaa safi. Kijana asiingie."

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Mkunga hakupiga ngoma wala kutisha. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamfuta mzee uso, akazungumza naye kama anavyozungumza na mwenye uchungu.

"Dada yangu, umechoka."

"Nimechoka," sauti ilisema.

"Na huyu mzee umemchosha. Unamwona anavyohema? Akifa humu, utabaki na maiti. Rudi ulikotoka."

"Nyumba yangu wameing'arisha. Hakuna pa kushika. Nilijaribu siku ileile nikateleza."

"Basi rudi porini kwenu."

Kilio kilichotoka hapo kilizima taa. Mkunga aliitafuta gizani, akaiwasha tena bila kuonyesha kushtuka. "Kule ndiko alikolala," sauti ilisema. "Mnataka niende nikayatazame yale mawe?"

Mzee akakoroma, koromeo likakwama, midomo ikaanza kugeuka rangi. Mkunga akamwinua kichwa, akamtazama Mama Jiriwa kwa macho ya mtu aliyeona vifo vingi. "Fundi," alinong'ona, "huyu hatafika asubuhi. Na mimi sina nguvu ya kumfukuza mwenye msiba. Mwenye hasira namweza. Mwenye msiba simwezi."

Mama Jiriwa alimwangalia baba yake. Alifikiri kwamba kitu kile kikitoka, sauti nayo inatoka, na hataisikia tena hapa duniani. Akaikumbuka sauti hiyo ilivyoita jina lake zamani. Akavuta kiti, akaketi karibu kabisa na ile midomo.

"Ingia kwangu," alisema.

"Una wazimu?" Mkunga alimkamata mkono. "Hujui unachokitaja! Huyu si mgeni wa kulala na kuondoka!"

"Najua, dada. Niache."

Macho ya mzee yalifunguka. Yalimchungulia kwa muda mrefu, yakimpima, namna yeye alivyozoea kumulika ndani ya mtutu. "Kwako," sauti iliuliza, "kuna pa kushika?"

"Tangu kijana wangu aliposhushwa kwenye lile gari," Mama Jiriwa alijibu, "ndani yangu hamna hata mahali pamoja palipo laini."

Mkunga alisimulia baadaye kwamba hakuona kitu kikipita. Alichoona ni Mama Jiriwa akifumbua mdomo taratibu, kama anayetaka kuuliza jambo, kisha akishika kiti kwa mikono yote miwili huku shingo ikimjaa mishipa, na kukisikika kukwaruza, kukwaruza kwa ndani, kama kucha kwenye chuma, kukashuka kooni mwake, kukateremka kifuani, kukatafuta huku na kule, kukapapasa, kukajibana. Kisha kukatulia. Mzee akavuta pumzi ndefu. Homa ikashuka. Alipofumbua macho tena yalikuwa macho yake mwenyewe. Akamtambua binti yake, akatikisa midomo isiyotoa neno, akanyanyua mkono wa kushoto na kumshika shavu, na machozi yakamtoka upande mmoja wa uso.

Uchunguzi ulipofanyika, kijana alionekana hana kosa. Ajali, walisema. Bunduki alipewa askari mwingine, na Mama Jiriwa alipokwenda kuomba aruhusiwe kuukata ule mtutu, mkuu wa kituo alimpa kiti, akamwitia soda, akamwambia kwa heshima zote kwamba sasa ndiyo silaha nzuri kuliko zote ghalani. Akaongeza kuwa angependa zile nyingine nazo zipitiwe na mkono huohuo. Mama Jiriwa aliagana naye, akarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku hiyo mlango wa karakana haukufunguliwa. Waliokuja waliambiwa fundi anaumwa kifua.

Kijana aliacha kazi. Kutwa aliketi jikoni, hali, hazungumzi, ananawa mikono na kuinusa. Asubuhi moja mama yake alimwekea chai mbele yake, akasimama nyuma yake akimtazama kisogo, ambacho kilikuwa chembamba kama alipokuwa mtoto. Alitaka kumwambia anywe kabla haijapoa. Alifungua mdomo kusema hivyo tu.

"Yule aliyempiga wa kwangu alicheka," ndicho kilichotoka. "Wewe unalia. Lia, mwanangu, lakini kula."

Kijana hakugeuka upesi. Sauti ilikuwa ya mama yake, na haikuwa. Alikivuta kiti chake mbele, mbali naye, kwa urefu wa kiganja, na mabega yakampanda masikioni.

"Nani amesema hivyo, mama?"

Mama Jiriwa alijiuliza. Aliyatafuta maneno yale ndani yake, yalikoanzia, akayakuta yameshikana na yake kiasi kwamba hakujua pa kuyatenganishia.

"Mama zako," alisema.

Chai ilitoa mvuke. Baada ya muda mrefu kijana alirudisha kiti nyuma, pale kilipokuwa, akaacha kichwa chake kiegemee aproni ya mama yake, na mikono miwili ikaanza kumkanda mgongo, bila haraka, huku mahali fulani ndani ya kifua alichoegemea, chini kabisa ya mapigo ya moyo, mtu akiimba kwa puani.